Waliofuatana na Bunduki

Jumatatu ya kwanza ya uhakiki wa silaha, saa mbili na nusu asubuhi, Jaswant Singh alitandika gunia juu ya meza ndani ya ghala la zamani la kahawa mjini Moshi, akapanga bisibisi tatu, tupa, kopo la mafuta na kitambaa cha flana. Ukingoni mwa meza alifunga jiliwa la kubania vyuma. Chini yake aliweka grainda ya kukatia. Alikuwa na miaka sitini na nane, na kwa miaka arobaini watu wa mjini na wa milimani walikuwa wakimletea bunduki zao azitengeneze. Kanuni mpya zilikuwa zimefunga karakana yake mpaka apate leseni ya namna mpya, na leseni ya namna mpya ilikuwa bado haijaanza kutolewa. Kwa hiyo alichukuliwa kama kibarua wa kukagua.

Meza ya pili ilikuwa ya Beatrice, karani wa uhakiki. Alikuwa na fomu, mhuri na kidau cha wino, na nyuma yake alikuwa amebandika kanuni ukutani. Bunduki zinazojipakia zenyewe na zote za kijeshi zilipigwa marufuku. Magobole, yale yanayotengenezwa kienyeji kwa mabomba, yalipigwa marufuku pia. Bunduki za kuwindia na za kulindia shamba ziliruhusiwa, mradi mwenye nazo awe mtulivu, asiwe na historia ya ugomvi, na mwenzi wake wa ndoa atie saini kwamba nyumbani kuna amani.

Wa kwanza kuingia alikuwa Fikirini, mkulima wa mpunga kutoka Mabogini, aliyebeba gobole ndani ya mfuko wa salfeti. Nyuma yake waliingia wanaume wawili waliouawa na gobole hilo katika ugomvi wa maji ya mfereji. Mmoja hakuwa na taya la chini. Mwingine alikuwa ameushika utumbo wake kwa mikono miwili usimwagike. Beatrice aliwahesabu, akaandika pembeni mwa fomu: Wawili.

"Wakae pale kwenye benchi," alisema. "Wasisimame mlangoni, wanazuia njia."

Jaswant alilibana gobole kwenye jiliwa akalikata kwa grainda. Mtutu ulipoanguka sakafuni wale wawili walisimama. Aliyeshika utumbo alisema, "Asante, mzee," akamwongoza mwenzake kwa bega, wakatoka, wakashika barabara ya kuteremka kwenda makaburini kwao. Fikirini alipewa karatasi ya msamaha kwa kuwa amesalimisha silaha kwa hiari. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Wiki nzima ilikwenda hivyo. Bunduki ilikuja na watu wake. Iliyopigwa marufuku ilikatwa, na watu wake wakaachiliwa. Iliyopata kibali ilirudi nyumbani, na watu wake wakarudi nayo, maana hawakuwa na pengine pa kwenda. Nyingi zilikuja peke yazo, bila marehemu yeyote. Lakini bastola ya mfanyabiashara mmoja wa Holili ilikuja na kijana aliyepigwa kisogoni, ambaye kila alipoulizwa jina alitema mchanga, na bunduki ya mlinzi wa shamba la mkonge ilikuja na mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni na tundu kwenye shingo. Mwamvita, mfanya usafi, alikuwa anapiga deki mara nne kwa siku badala ya mbili. Aliomba sabuni zaidi, akaletewa.

Alhamisi alikuja Remigius.

Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Kirua Vunjo, mtu wa miaka hamsini na minne, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. Aliegesha pikapu kivulini, akaingia na bunduki ndani ya ala ya ngozi. Nyuma yake alikuwa Rachel, mke wake wa sasa, mwenye miaka ishirini na sita. Mdomo wa juu wa Rachel ulikuwa umevimba na aliupaka poda. Nyuma ya Rachel alikuwa Elinipendo, mke wake wa kwanza.

Elinipendo alikuwa amekufa miaka sita kabla ya hapo. Alivaa gauni la kijani alilovaa siku ile, na chini ya titi la kushoto palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Mtu aliyesimama mbele yake aliuona ukuta wa nyuma kupitia tundu hilo. Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole viwili.

"Shikamoo, Mzee Jaswant," Remigius alisema.

"Marahaba. Habari za Kirua?"

"Nzuri. Mvua imetukumbuka, mibuni inaweka maua."

Jaswant aliijua bunduki kabla haijatolewa kwenye ala. Ilikuwa ya mtutu mmoja, ya marisau, ya kufungulia katikati. Miaka sita kabla ya hapo Remigius aliileta karakanani asubuhi moja, siku mbili baada ya mazishi, akamwacha Elinipendo nje kwenye pikapu, akasema ilijifyatua yenyewe alipokuwa akiisafisha. Jaswant aliikagua mbele yake. Sefti, kile kizuizi cha usalama, ilishika, kifyatulio kilikuwa kizito kama inavyotakiwa. Hakuona kasoro yoyote. Remigius aliketi juu ya debe akalia kwa sauti, akasema ana watoto watatu, je, watalelewa na nani. Jaswant hakuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia. Alichukua karatasi yenye nembo ya karakana akaandika kwamba sefti imelegea na silaha yaweza kulipuka bila kuguswa. Akapiga mhuri. Kituoni waliipokea barua hiyo, na jalada likafungwa siku hiyo hiyo.

Sasa aliichukua tena bunduki, akaiinamisha, akafungua. Alipitisha flana kwenye mtutu.

"Shikamoo, mzee," Elinipendo alisema.

"Marahaba, mama."

"Barua yako anaiweka ndani ya Biblia. Nimesikia akiwasomea wageni. Inasema sefti ilikuwa imelegea."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Ilikuwa imelegea?"

Jaswant alisukuma sefti mbele, akairudisha. Ilitoa mlio mdogo, safi.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa nzima. Hata leo ni nzima."

Beatrice aliacha kuandika. Remigius alitoa simu yake akaanza kuitazama.

"Alinipiga kwanza kwa kitako cha bunduki," Elinipendo alisema, akafunua mdomo. Meno ya mbele hayakuwapo. "Nilimuuliza kwa nini ameuza kihamba, shamba la mama yangu, bila kuniambia, basi. Nikakimbilia migombani. Akapiga, akakosa. Marisau yaliingia kwenye mparachichi, yamo mpaka leo, ukipitisha mkono yanakukwaruza. Nikageuka nimwambie yaishe. Nikamwona anafungua bunduki, anatoa ganda, anatia risasi nyingine. Hakuwa na haraka. Mimi nikainua mkono."

"Mambo haya yalishaisha," Remigius alisema bila kuinua macho. "Kila mtu Kirua anayajua."

Ilikuwa kweli. Kila mtu Kirua aliyajua. Elinipendo mwenyewe aliwaeleza kisimani, sokoni na kwenye vikao vya akina mama, kabla ya kurudi ilipo bunduki, na watu walimpa pole, wakamwekea kigoda akae.

Jaswant aliitazama bunduki iliyofunguka mikononi mwake. Ilikuwa na nafasi ya risasi moja. Bunduki ya namna hiyo haiwezi kujifyatua yenyewe mara mbili. Hilo angelijua hata siku ile ya barua, kama angeuliza zilipigwa ngapi. Hakuuliza.

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Mimi nimeshazoea," Elinipendo alisema. "Ninayemwogopea ni huyu." Alimwonyesha Rachel kwa vidole vyake viwili. "Siku hizi anaitoa kabatini wakati wa kula. Anailaza mezani, kando ya bakuli la ndizi za machalari, mdomo wa mtutu ukimwelekea yeye. Anamwambia ale."

Rachel aliinamisha kichwa akatengeneza kanga yake.

Beatrice aligeuza fomu ukurasa wa pili. "Hapa mwenzi wa ndoa atie saini," alisema. Kisha aliuliza, kwa sababu swali lilikuwa limeandikwa, "Nyumbani kuna amani?"

Rachel alimtazama mumewe. "Ipo," alisema, akashika kalamu akasaini.

"Hata mimi ningesaini," Elinipendo alimwambia taratibu. "Usijilaumu, mdogo wangu."

Jaswant aliomba karatasi. Aliandika kwa mkono wake kwamba barua yake ya miaka sita iliyopita ilikuwa ya uongo, kwamba sefti haikuwa na kasoro, kwamba zilipigwa risasi mbili na ya pili ilipakiwa na mtu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akaweka saini na tarehe.

"Unaandika nini, mzee wangu?" Remigius aliuliza.

"Naandika ilivyokuwa."

"Baada ya miaka sita?"

"Baada ya miaka sita."

Beatrice aliisoma barua mara mbili. Kisha aligeuka akazisoma kanuni ukutani, akifuatisha mistari kwa kidole. 

"Mzee, maelezo ya kitaalamu lazima yatoke kwa fundi mwenye leseni ya sasa," alisema. "Wewe ya kwako imekufa."

"Nyingine hazijaanza kutolewa."

"Najua. Lakini ile barua ya kwanza uliiandika ukiwa na leseni. Hiyo ndiyo inayotambulika. Hii ya leo ni karatasi tu."

Beatrice alikwenda nayo hata hivyo kwa mkuu wa kituo cha uhakiki, chumba cha nyuma. Alikaa huko dakika kumi. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu na barua ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya kijani: Haihusiki. Alipiga mhuri kwenye fomu ya Remigius. Pembeni, kwenye nafasi ya waliofuatana na silaha, aliandika: Mmoja.

"Ichukue basi, Mzee Jaswant, uigonge namba ya kibali," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu umrudishie."

Jaswant alibana bunduki kwenye jiliwa. Alichukua muda kukaza. Kisha akainama, akachukua grainda, akaiwasha, akaishusha juu ya mtutu.

Cheche ziliruka mpaka kwenye fomu. Elinipendo aliweka mkono kifuani. Kadiri diski ilivyozama ndani ya chuma, uso wake ulianza kulegea, na miguu yake ikageuka yenyewe kuelekea mlangoni.

Remigius hakupiga kelele. Aliokota komeo la chuma la mlango wa ghala, akampiga Jaswant mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Mfupa ulisikika. Akampiga tena palepale. Pigo la tatu lilimpata usoni, kilemba kikaanguka, na damu ikatoka puani na kwenye nyusi ikalowesha ndevu zake nyeupe zote. La nne lilimlaza chini. Polisi waliokuwa mlangoni walikuja mbio, wakamshika Jaswant.

Grainda ilikuwa bado inazunguka. Iliruka sakafuni ikaelekea miguuni kwa Rachel. Elinipendo alitanguliza mguu wake. Diski iliingia kwenye muundi mpaka mfupani, ikakwama, ikazimika. Elinipendo aliinama akaichomoa, akaiweka juu ya meza mahali pake. Mwamvita akaja na ndoo.

Beatrice alipima mtutu kwa rula. Ulikuwa umekatika theluthi mbili.

Jaswant alishtakiwa kwa kuharibu silaha yenye kibali, na kwa kufanya kazi ya ufundi bunduki bila leseni. Alikuwa mtu wa kwanza pale mjini kushtakiwa kwa kanuni mpya. Remigius hakushtakiwa, kwa sababu alikuwa akilinda mali yake. Bunduki ilichukuliwa kama kielelezo, ikafungwa lebo, ikawekwa stoo. Elinipendo alikaa stoo pamoja nayo muda wote wa kesi, miezi minne. Huko Kirua, mdomo wa Rachel ulipona. Alinenepa kidogo. Jirani zake walisema walimsikia akiimba akichuma kahawa, na kwamba hawakujua kabla ya hapo kwamba ana sauti.

Siku ya hukumu bunduki ililetwa mahakamani, na Elinipendo akaja nayo. Alisimama upande wa mashahidi, akainua mkono wake wa vidole viwili.

"Mheshimiwa, naomba niseme jambo."

Hakimu alimtazama juu ya miwani. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Mama, pole sana," alisema. "Shauri lililo mbele yetu ni la mtutu."

Elinipendo aliushusha mkono.

Jaswant, mkono wake ukiwa kwenye bandeji, aliulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Alisema angekuwa na mikono miwili mizima angemalizia. Alipewa miaka miwili. Kielelezo kilirudishwa kwa mwenyewe.

Remigius alipeleka bunduki Arusha kwa fundi mwenye leseni ya namna mpya, ikawekwa mtutu mpya. Namba ya kiwandani ilibaki ileile, maana ilikuwa imegongwa kwenye kiuno cha bunduki, si kwenye mtutu, na Elinipendo alibaki na namba.

Habari za Rachel zilimfikia Jaswant gerezani mwezi wa nne, wakati wa masika. Beatrice ndiye aliyezileta. Alikuja na mkate na chai kwenye chupa, akaketi upande wa pili wa wavu.

"Alikuwa jikoni anamenya ndizi," Beatrice alisema. "Remigius alimuuliza kwa nini anaimba. Akampiga risasi tumboni, umbali wa kutoka hapa mpaka pale mlangoni. Hakufa papo hapo, mzee. Alitambaa mpaka chini ya migomba, akilia kwamba ana kiu. Jirani wote walisikia na wote walikuwa ndani, mvua ilikuwa kubwa. Elinipendo alimshika kichwa mpaka alipokata roho. Baada ya hapo wakanyanyuka wote wawili, wakarudi jikoni, kwa sababu bunduki ilikuwa jikoni."

Jaswant aliuliza polisi wamesema nini.

"Fundi wa Arusha ameandika barua. Ana leseni. Amesema mtutu mpya ulikuwa haujashika vizuri kwa sababu ya madhara ya ule mkato wa zamani. Penye chanzo cha ajali pameandikwa jina lako."

Jaswant alipokea kikombe cha chai chini ya wavu. Mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kwa ndani, na hakuweza kufika nao mdomoni. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto, akakiweka chini bila kunywa.

"Alikuwa na miaka mingapi sasa?"

"Ishirini na saba."

"Nami nilidhani nimemnunulia muda."

"Ulimnunulia miezi minne," Beatrice alisema. "Aliniambia mwenyewe sokoni. Alisema kwa hiyo miezi minne alijua kuishi kulivyo." Alifunga chupa ya chai. "Nilitaka kuacha kazi. Lakini nikiacha ataletwa mwingine, na huyo mwingine labda hataandika idadi pembeni."

Jaswant alitoka gerezani kabla ya kumaliza kifungo, siku ya uhakiki wa mwaka uliofuata. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda ghalani, akasimama ng'ambo ya barabara, chini ya ubao wa duka la vifaa vya umeme. Hakuruhusiwa kukaribia silaha zaidi ya hatua hamsini, na alikuwa amezihesabu hatua hizo kwa miguu yake.

Saa nne hivi, pikapu ya Remigius ilifika. Remigius aliingia ghalani na ala ya ngozi. Hakukaa sana. Mwaka huu fomu yake ilikuwa nyepesi: pale pa mwenzi wa ndoa aliandika kwamba hana, na asiye na mwenzi hahitaji saini. Alitoka na kibali mkononi, kikiwa bado kibichi kwa wino, akikipepea kikauke. Alimwona Jaswant ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mzee," aliita. "Umetoka salama?"

Jaswant hakuitikia. Remigius alisubiri kidogo, kama inavyopasa, kisha akaingia garini, akalaza bunduki kwenye kiti cha mbele alichokuwa akikalia Rachel.

Wanawake wawili walitoka ghalani nyuma yake. Rachel alikuwa na aproni ya jikoni, na kuanzia kifuani mpaka nyongani hakukuwa na kitu kilichobaki mahali pake. Alitembea kwa shida, kwa kuwa alikuwa bado mgeni. Elinipendo alimshika mkono mpaka nyuma ya pikapu, akapanda kwanza, akamvuta.

"Usiegemee bodi," Jaswant alimsikia akisema. "Kaa hivi, upande. Kunja magoti, ushike hapa kwa mikono miwili. Ukikaa hivyo, huko juu kwenye mashimo ya barabara hakumwagiki kitu."

Rachel alikaa kama alivyoelekezwa. Alijaribu upande mmoja, akabadili, akapata ulio nafuu.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Pikapu ilirudi nyuma, ikasubiri malori mawili yapite, ikashika barabara ya kwenda Himo na Kirua. Ghalani, Beatrice aliita namba iliyofuata.